Bei Inapoanguka: Habari za Kahawa na Hisa katika Nchi ya Meru na Embu

Ukitoka mji wa Embu ukashika barabara iendayo Meru, ukapita Runyenjes, ukavuka mto Thuci, ukafika Chuka na kisha Nkubu, utakuwa umepita katikati ya nchi ya kahawa. Upande wako wa kushoto ardhi inapanda kuelekea Mlima Kenya, na huko juu penye baridi ndiko kwenye chai. Upande wa kulia ardhi inateremka kwenda Mbeere na Tharaka, kwenye jua kali na mvua haba. Kahawa imekaa hapo kati, mahali pasipo baridi nyingi wala joto jingi, kwenye udongo mwekundu uliotokana na moto wa mlima wa zama za kale.

Lakini ukitazama kwa makini, msomaji, utaona jambo la kushangaza. Hapa pana shamba la kahawa lililopogolewa vizuri. Jirani yake pana mahindi matupu, na mwenyewe akiulizwa atajibu, "Hapa zamani palikuwa na kahawa." Ng'ambo ya bonde pana kahawa iliyoachwa mpaka ikawa kichaka. Udongo ni ule ule, na mvua ni ile ile. Mashamba hayo yalitofautishwa na uamuzi wa wenyewe katika miaka ambayo bei ilianguka.

Basi yafaa tujiulize swali. Kila mtoto auzaye maembe sokoni anajua kwamba faida hupatikana kwa kununua rahisi na kuuza ghali. Mbona basi watu wazima, wenye akili timamu, aghalabu hufanya kinyume chake, wakanunua wakati bei iko juu na kuuza, au kung'oa, wakati bei iko chini? Historia ya nchi hii inaweza kutupatia jibu.

Kahawa ililetwa Kenya na wamisionari, waliopanda miche ya kwanza huko Bura, katika nchi ya Taita, mwaka wa 1893. Baadaye walowezi wa Kizungu wakaitwaa kuwa mali yao. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuipanda. Walowezi walisema kwamba Waafrika hawataweza kuitunza, na magonjwa ya mashamba yao yataenea. Tena walisema kwamba wizi utazidi. Walilonyamazia ni kwamba mtu mwenye kahawa yake mwenyewe hatatoka nyumbani kwenda kuchuma kahawa ya mwingine kwa ujira mdogo. Hata ilipofika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ikalegeza kamba kidogo: ikaruhusu majaribio katika Kisii, Embu na Meru, mahali palipokuwa mbali na mashamba makubwa ya walowezi. Ekari zilikuwa chache, na kila mkulima alihesabiwa miti yake. Kwa hiyo mti wa kahawa ulipowafikia wazee wa Meru na Embu, ulikuwa ni mmea na haki kwa pamoja, kwani walikuwa wamenyimwa muda mrefu.

Mlango ulifunguliwa zaidi mwaka wa 1954. Wakati huo Kenya ilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, na serikali ilitaka kuwatuliza watu kwa kuwapa njia ya kupata fedha. Mpango uliotungwa na Roger Swynnerton, ofisa wa idara ya kilimo, ulikusudia kuwapa wakulima Waafrika hati za mashamba yao na mazao ya kuuza, kahawa ikiwa mbele. Na mwaka huo huo wa 1954, mjini Nairobi, madalali wa Kizungu walianzisha soko la hisa. Soko hilo halikuwa la Mwafrika. Hakuruhusiwa kununua wala kuuza humo mpaka uhuru ulipokaribia na kufika. Ndivyo milango miwili ya mali ilivyofunguliwa mwaka mmoja, mmoja shambani na mmoja mjini. Watu wa Meru na Embu waliingia kwanza kwa ule wa shambani, na baada ya nusu karne wakaingia kwa ule wa mjini pia. Tutaona kwamba walipatwa na majaribu yale yale kotekote.

Sasa, ili uelewe majaribu hayo, ni lazima ujue tabia ya mti wa kahawa. Mwenye kupanda maharagwe hujua hesabu yake baada ya miezi mitatu. Mwenye kupanda kahawa hungoja miaka mitatu hivi kabla ya kuchuma mavuno ya maana. Kisha mti ule, ukitunzwa, huzaa kwa miongo ya miaka. Kwa hiyo mkulima wa kahawa ni mtu wa kutia mali yake leo akitumainia siku asizoziona. Naye hana mkono katika bei, kwa kuwa bei ya kahawa yake katika mnada wa Nairobi hufuata ile ya soko la New York. Jambo litokealo Brazil, nchi ilimayo kahawa kuliko zote duniani, hufika mpaka Mutuati na Manyatta.

Na ndivyo ilivyotokea mwezi wa Julai 1975. Usiku mmoja jalidi kali, yaani umande ulioganda kwa baridi, iliunguza mashamba ya Brazil kusini. Miti isiyohesabika ikafa. Kabla ya hapo ratili moja ya kahawa ilikuwa ikiuzwa chini ya dola 1. Mwaka wa 1977 ilipita dola 3. Serikali ya Kenya iliacha sehemu kubwa ya fedha hizo zifike mikononi mwa wakulima, na nchi ikabadilika sura. Mabati yaling'aa mahali pa nyasi, na karo za shule zililipwa. Kahawa ikapewa jina la dhahabu nyeusi. Huko Chepkube, mpakani mwa Kenya na Uganda, watu walivusha kahawa ya Uganda kwa magendo usiku na mchana, na wengi wakatajirika kwa muda mfupi.

Hapo ndipo tamaa ilipoingia. Sisemi kwamba kupanda kahawa kulikuwa kosa. Nasema kwamba wengi walipanda kwa sababu bei ilikuwa juu siku ile, hali mti uliopandwa mwaka wa 1977 haungeuzwa kwa bei ya 1977. Hata miche hiyo ilipoanza kuzaa, Brazil ilikuwa imekwisha kupanda upya, na nchi nyingine zimefanya vivyo hivyo. Ilipofika mwaka wa 1981, bei ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya kile kilele. Tamaa huitazama bei ya leo ikadhani ni ahadi ya kesho. Tena kila mtu huiona bei hiyo hiyo, na wote hupanda pamoja, wakaishusha wao wenyewe.

Walakini anguko lenyewe lilikuwa bado. Tangu mwaka wa 1962 nchi zinazolima kahawa na nchi zinazoinunua zilikuwa na makubaliano: kila nchi ilipewa mgao wa kiasi ingeweza kuuza nje, ili kahawa isifurike sokoni na bei isiporomoke. Mwezi wa Julai 1989 nchi hizo zilishindwa kupatana, na migao ikasimamishwa. Kahawa iliyokuwa imerundikwa maghalani kote duniani ikamwagwa sokoni. Bei iliyokuwa zaidi ya dola 1 kwa ratili ikaanguka, na mwaka wa 1992 ikawa chini ya senti 60 za dola. Mkulima wa Kenya aliyapokea hayo pamoja na mengine. Mbolea na dawa zilipanda bei, malipo yalichelewa mno kutoka mnadani mpaka chama cha ushirika na kutoka chama mpaka mfukoni, na madeni ya vyama yalikatwa kabla mkulima hajaona senti.

Sasa tazama yaliyofanyika. Sheria ya kahawa ilimkataza mtu kung'oa miti yake bila ruhusa. Wengine walipanda mahindi na maharagwe katikati ya kahawa. Wengine waliacha kupogoa na kupiga dawa, wakauachia mti ufe polepole kama mgonjwa asiyetembelewa. Na wengine, sheria au si sheria, walishika shoka na jembe wakang'oa.

Je, walifanya ujinga? Usiwe mwepesi wa kuwahukumu. Mtu mwenye watoto wanaorudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na shamba lisilomlipa, hawezi kuambiwa kwamba subira ni chakula. Aliyekaa na kalamu akahesabu kwamba ng'ombe wa maziwa watamlipa kuliko kahawa, kisha akatoa robo ya shamba lake ili ajaribu, huyo aliamua kwa akili. Lakini wako wengi ambao hawakuhesabu. Waling'oa kwa sababu jirani aling'oa, na kwa sababu ya uchungu, maana kila walipouona ule mti walikumbuka fedha zilizokuwapo na sasa hazipo.

Uchungu huo wataalamu wameuchunguza. Mwaka wa 1979 wanachuoni wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walionyesha kwamba binadamu huumia kwa kupoteza kuliko anavyofurahi kwa kupata kiasi kile kile. Majaribio yaliyofuata yalikadiria kwamba maumivu ya hasara huwa na uzito wa takriban mara mbili ya furaha ya faida. Ukiokota shilingi 100 utafurahi mpaka jioni. Ukipoteza shilingi 100 utaitafuta mpaka kesho. Basi mtu ambaye bei inamshukia kila mwaka hupigwa kila mwaka kwa fimbo mbili, na ajabu si kwamba hatimaye hukimbia.

Lakini historia haikuishia hapo. Mwaka wa 1994 jalidi ilipiga Brazil tena, na bei ikapita dola 2. Mwaka wa 1997 ikapita dola 3. Kisha Vietnam, nchi ambayo zamani haikuhesabiwa katika kahawa, ikawa ya pili duniani kwa wingi wa mavuno, na mwaka wa 2001 bei ikawa chini ya senti 50. Mwaka wa 2011 ikarudi dola 3. Mwezi wa Februari 2025 ikapita dola 4. Umeona, msomaji? Bei ni kama mto wa msimu, hufurika na hukauka, kisha hufurika tena.

Na hapa ndipo penye huzuni ya habari hii. Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000 za kahawa. Bei nzuri ya 2011 ilipofika, mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 50,000. Mgeni aliyengojewa alikuja na mikono iliyojaa, akakuta wengi wa wenyeji wake wamekwisha kuvunja nyumba. Hofu haikuwa sababu ya pekee, kwa maana magonjwa, madeni, na uongozi mbaya wa vyama vingi vilikuwamo pia. Lakini aliyeng'oa mwaka wa 1992 hakuweza kupanda Jumatatu akavuna Ijumaa. Ilimpasa angoje miaka mitatu tena, na akiisha kungoja, bei imeshuka. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Linganisha huyo na mkulima wa namna nyingine. Mti wa kahawa hukubali kukatwa shina ukabaki kisiki, nacho kisiki huchipua, na baada ya miaka miwili hivi matawi mapya huzaa. Wako waliokata hivyo katika miaka mibaya, wakalima mboga katikati na kupunguza gharama, lakini mizizi wakaiacha ardhini. Bei iliporudi, walikuwa na mahali pa kuanzia. Hawa nao walipata hasara na waliogopa kama wenzao. Tofauti ni kwamba walichagua uamuzi unaoweza kurudishwa nyuma. Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote katika habari hii: tamaa humsukuma mtu kwenye deni, na hofu humsukuma kwenye shoka, na vyote viwili humfunga asiweze kurudi.

Tuje sasa kwenye ule mlango wa pili, soko la hisa. Hisa ni fungu dogo la kampuni. Mwenye hisa ni mwenye kampuni kwa kadiri ya fungu lake, naye hupata gawio kampuni ikipata faida. Kwa miaka mingi watu wa vijijini hawakuwa na habari nayo. Lakini mwaka wa 2006 serikali iliuza sehemu ya kampuni ya umeme ya KenGen, hisa moja kwa shilingi 11.90, na siku ya kwanza sokoni, mwezi wa Mei, bei ikafika karibu shilingi 40. Habari hizo zilienea kama moto wa nyika. Kwa hiyo serikali ilipotangaza kuuza robo ya kampuni ya simu ya Safaricom mwezi wa Machi 2008, hisa moja kwa shilingi 5, watu walipanga foleni katika kila mji wenye benki, Meru na Embu zikiwamo. Kiasi cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Wako walioweka akiba yao. Wako pia waliouza ng'ombe, na waliokopa benki kwa riba, wakitumaini kuuza baada ya wiki moja na kulipa deni kwa faida. Walioomba walipita 800,000, na hisa hazikutosha. Kila mmoja akapewa sehemu tu ya alichoomba.

Tarehe 9 Juni 2008 hisa hizo zilianza kuuzwa sokoni, na bei ikapita shilingi 7. Kisha ikaanza kuteremka. Mwezi wa Septemba benki kubwa ya Marekani, Lehman Brothers, ikafilisika, na hofu ikaizunguka dunia. Kipimo cha soko la Nairobi, kilichokuwa zaidi ya 5,000 katikati ya mwaka 2008, kilikuwa chini ya 2,500 mwezi wa Machi 2009. Hisa ya Safaricom ilinunuliwa kwa chini ya shilingi 3. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma! Aliyekopa hakuwa na hiari, kwa kuwa benki ilidai kila mwezi, bei iwe juu au chini. Akauza kwa hasara, na riba akailipa. Wengine, wasiokuwa na deni, waliuza kwa uchungu tu, wakaapa kutorudi sokoni. Na katika siku hizo hizo simu za kampuni ile zililia kama kawaida na wateja waliongezeka. Mwaka wa 2021 hisa ile ile ilipita shilingi 40.

Usije ukadhani kwamba nakufundisha kukaa na kila kitu milele. Bei ya Safaricom ilishuka tena baada ya 2021. Na yule aliyenunua KenGen siku ile ya kwanza kwa karibu shilingi 40 angaliweza kungoja mpaka mwisho wa 2023 akaikuta chini ya shilingi 3. Subira isiyo na hesabu ni ukaidi, nao hauna thawabu. Wala haya si mambo ya wasiosoma peke yao. Isaac Newton, ambaye kanuni zake za mwendo unazikariri darasani, alinunua hisa za kampuni ya South Sea huko London, akauza kwa faida. Kisha mwaka wa 1720, alipoona wengine wakizidi kutajirika, akarudi kununua kwa bei kubwa, na bei ilipoanguka akapoteza maelfu ya pauni. Hesabu alizijua kuliko mtu yeyote wa zamani zake, ila alishindwa na moyo wake.

Mambo haya hayajakwisha. Katika nchi yetu wako waliotoa kahawa wakaweka miraa au makadamia. Kisha Uingereza ikapiga miraa marufuku mwezi wa Juni 2014, na Somalia ikafunga mlango tangu Machi 2020 mpaka Julai 2022. Makadamia nayo, iliyosifiwa sana, ilianguka bei katika mwaka wa 2023, na watu wakaanza kulitazama shoka. Na hivi majuzi, kahawa ilipopanda, miche imekuwa ikitafutwa kwa bidii. Huenda wengine wanang'oa leo kile watakachokitafuta kesho.

Basi wewe mwanafunzi, ambaye siku moja utakuwa na shamba, au hisa, au duka, jifunze kujiuliza maneno matatu bei inapoanguka. La kwanza: kilichoharibika ni kitu chenyewe, au ni bei yake tu? Mti ungali ukizaa na kampuni ingali na wateja, hilo ni jambo moja. Mti umeoza au kampuni imekufa, hilo ni jingine. La pili: fedha nilizotia ni zangu, au ni za mkopo? Maana mwenye deni hawezi kungoja, na asiyeweza kungoja hachagui siku ya kuuza. La tatu: nikitenda hili leo, nitaweza kulitengua kesho? Ukiona kwamba huwezi, basi ngoja, punguza, jaribu kwa sehemu ndogo, ulale usiku mmoja kabla ya kuamua.

Na bei inapopanda, na kila mtu anapoimba, jiulize maneno hayo hayo. Wazee wetu waliupigania mti wa kahawa wakati walipokatazwa kuupanda, na hawakuupigania kwa sababu bei yake ilikuwa juu siku ile. Waliona mbele ya bei. Nasi, tukipita katika barabara ile ya Embu na Meru, tukitazama shamba lililobaki na shamba lililong'olewa yakikaa bega kwa bega, tuwe na macho ya kuona mbali kama wao.